Ofisa Aliyegawa Kila Kitu, na Maziwa Aliyopewa

Hakuna jamaa ya askari isiyoijua siku ya uhamisho. Amri hufika jioni, lori hufika alfajiri, na baina ya hizo mbili mama wa nyumba hana budi kuamua kipi kitapakiwa na kipi kitabaki. Kitanda cha mbao kilichonunuliwa kwa akiba ya miezi mingi huonekana kikubwa mno. Kabati la vyombo halipiti mlangoni. Kuku hugawiwa majirani, na mahindi yaliyoanza kutoa mbelewele huachiwa mke wa askari atakayehamia nyumba ile, ambaye hata jina lake halijulikani bado. Watoto humlilia mbwa. Mume husema, "Tutanunua vingine," naye mke hunyamaza, maana anakumbuka kwamba maneno hayo yalisemwa pia katika uhamisho uliopita.

Kwa sababu hiyo, mahubiri juu ya kuacha mali husikika kwa namna ya peke yake katika kambi za jeshi na katika nyumba za polisi. Padri au shehe anapowaambia watu wa huko kwamba vitu vya dunia havidumu, hawaambii habari ngeni. Wamekwisha kuviacha vitu vingi njiani. Walakini kunyang'anywa na kuachilia si jambo moja. Mtu aweza kupoteza kabati lake na bado akaliota kila usiku kwa miaka kumi. Tena, hata yule anayeachilia kwa hiari hukutana na swali la pili lililo gumu kuliko la kwanza: akishaachilia, ataegemea wapi? Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hili, kutawakali, yaani kumwachia Mungu mambo yako pasipo kuendelea kuyashika mkia. Ni neno jepesi kutamka.

Iko habari ya askari mmoja wa Ufaransa ambaye maisha yake yote yalikuwa safari kutoka swali la kwanza hadi la pili. Jina lake ni Charles de Foucauld. Hutamkwa "Fuko", na katika sikio la Mswahili jina hilo huleta picha ya mahali pa kutilia fedha, jambo ambalo kwa ujana wake lilimfaa sana. Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu huko Roma tarehe 15 Mei 2022. Lakini habari yake haiwahusu Wakatoliki peke yao, kwa kuwa walimu wake wakubwa katika jambo la kumtegemea Mungu walikuwa Waislamu, na baadhi yao walikuwa maskini wasiojua kusoma.

MKONO UNAOVUJA

Alizaliwa Strasbourg tarehe 15 Septemba 1858 katika ukoo wa kikabaila. Alipokuwa na miaka sita tu alikwisha kufiwa na baba na mama. Yeye na dada yake mdogo, Marie, wakalelewa na babu yao mzaa mama, kanali mstaafu aliyewapenda mno na ambaye hakuweza kumkatalia mjukuu wake jambo lolote. Mwaka 1876 kijana aliingia katika chuo cha maofisa cha Saint-Cyr. Husimuliwa kwamba alikuwa mnene kiasi cha kukosa sare ya kumtosha ghalani, ikabidi ashonewe ya kwake.

Babu alifariki mwaka 1878. Mwaka huo huo Charles akatimiza miaka ishirini, na urithi wote ukamwangukia mkononi. Alikuwa amehamia Saumur, chuo cha wapanda farasi. Huko chumba chake kilikuwa mashuhuri kwa karamu, kwa karata na kwa mvinyo wa bei kubwa. Katika mtihani wa kumaliza walikuwako wanafunzi 87, naye alishika nafasi ya 87. Kila mwenye kuhudumu jeshini amemwona kijana wa namna hii siku ya mshahara. Mezani kwake hakosi rafiki, na asubuhi mezani hapo hapaonekani mtu.

Kikosi chake kilipelekwa Algeria, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya utawala wa Ufaransa. Alimchukua mwanamke asiyekuwa mkewe akamtanguliza kwa jina la mke wa ofisa. Wakuu wake walipomwamuru amrudishe alikataa, na mwaka 1881 akaondolewa katika kazi. Ndugu zake, walipoona urithi unayeyuka kama siagi juani, walikwenda mahakamani mwaka 1882, na mahakama ikamwekea msimamizi wa fedha. Mtu mzima, ofisa wa jeshi, akawa anapewa fedha kwa kipimo kama mtoto wa shule.

Ni vema kusimama kidogo hapa, kwa sababu wapo wanaochanganya kutapanya na kuachilia. Yule kijana wa Saumur hakuwa bahili hata kidogo. Fedha zilimtoka bila kuumia. Kwa macho ya mbali mtu angesema kwamba amekwisha kufunguka na mali. Lakini kila sarafu iliyotoka ilitoka ili irudi na kitu: sifa, kicheko, au kampani ya kumzuia asibaki peke yake chumbani. Mkono unaovuja si mkono uliofunguka. Wake za askari wanaelewa tofauti hiyo bila kufundishwa na kitabu chochote.

Jambo la kwanza lililomshtua lilikuwa vita. Aliposikia kwamba Bou Amama ameongoza uasi kusini ya Oran na kwamba wenzake wako uwanjani, aliomba kurudishwa katika kikosi, akamwacha mwanamke na starehe, akalala mchangani pamoja na askari kwa miezi kadhaa. Wenzake walishangaa kuona kwamba mnene wa karamu alijua kuvumilia kiu. Jambo la pili lilikuwa sala. Aliwaona Waislamu wakisimama safarini, wakitandika nguo chini na kuinama mbele ya Mungu, pasipo kujali ni nani anayewatazama. Yeye alikuwa ameacha dini tangu alipokuwa mvulana. Baadaye aliandika kwamba kuona watu wanaoishi daima mbele ya Mungu kulimtikisa sana.

Aliacha jeshi mwaka 1882. Kuanzia Juni 1883 hadi Mei 1884 alizunguka Moroko, nchi iliyokuwa imefungwa kwa Wakristo wa Ulaya, akiwa amejigeuza Myahudi maskini na kuongozwa na rabi Mardochée Aby Serour. Aliandika alama zake katika kijitabu kidogo kilichofichika kiganjani, kwa kipande cha penseli kifupi kuliko kidole. Alitukanwa, akatupiwa mawe, akalala sakafuni. Mwaka 1885 Chama cha Jiografia cha Paris kilimpa medali ya dhahabu. Jina lake likawa safi tena. Angeweza kuishia hapo, akaoa, akaandika vitabu, na dada yake angelala usingizi mzuri.

KUSHUKA NGAZI

Mwishoni mwa Oktoba 1886 aliingia katika kanisa la Saint-Augustin jijini Paris kumtafuta padri mmoja, Huvelin, aliyesifiwa kwa hekima. Alitaka kuuliza maswali juu ya dini. Padri hakujibu maswali. Alimwambia apige magoti aungame. Yule ofisa, asiyezoea kutii, akatii.

Tarehe 16 Januari 1890 aliingia utawani katika shirika la Watrapisti, ambao huishi kwa kazi, sala na ukimya. Kabla ya hapo alimwachia dada yake mali yote. Hapana shaka jambo hilo lilitangazwa katika ukoo kama tendo kubwa, na kweli lilikuwa kubwa. Hata hivyo haifai kusahau kwamba mali haikutoweka. Ilikwenda kwa dada mwenye mume na watoto, ambaye alilazimika kuitunza, kulipa kodi yake na kusumbuka nayo. Na kwa miaka yote iliyofuata binamu yake, Marie de Bondy, aliendelea kumpelekea fedha na vitu alivyohitaji katika kazi yake. Wasifuo walioacha vyote wawakumbuke pia wale waliobaki na funguo za ghala. Askari polisi mwenye watoto watano shuleni hawezi kutoa mshahara wake wote siku moja na kwenda jangwani, wala hakuna Mungu aliyemwagiza hivyo. Waislamu husema kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mwenyewe atawakali.

Watrapisti walimpeleka Akbès, katika Siria ya wakati wa dola ya Waturuki, mahali penye umaskini na baridi. Aliona kwamba sasa amefika chini kabisa. Kisha siku moja akatumwa kukesha katika nyumba ya kibarua mmoja Mkristo wa jirani aliyefariki. Aliitazama ile nyumba. Akakumbuka monasteri: ukuta imara, mkate wa kila siku, blanketi, na wenzake wa kumwuguza akiugua. Kila mtawa peke yake hakuwa na kitu, lakini wote kwa pamoja hawakupungukiwa na kitu. Ni kama mwanajeshi kambini anayesema hana mali, ilhali posho yake haikosi, paa lake halivuji, na daktari wa kikosi yuko hatua mia kutoka kitandani. Kibarua yule hakuwa na nyuma wala mbele. Charles alirudi akiwa hana amani.

Mnamo mwaka 1896 au karibu na hapo aliandika tafakari juu ya maneno ya mwisho ya Yesu msalabani, ambamo mtu anajikabidhi mzima mikononi mwa Mungu na kukubali lo lote atakalotendewa. Tafakari hiyo ilifupishwa baadaye ikawa sala inayosemwa leo na watu wengi duniani. Alikuwa na miaka kama thelathini na minane. Kuandika maneno yale kulimchukua muda mfupi. Kuyaishi kulimchukua miaka kumi na miwili zaidi, na hapo hakuwa na kalamu mkononi.

Mwaka 1897 aliacha utawa ule kwa ruhusa, akaenda Nazareti, akawa mtumishi wa masista wa Klara. Alilala katika kibanda cha bustani kilichokuwa cha kuwekea zana, akafagia, akatumwa posta. Mwaka 1901 akapewa upadri, na mwishoni mwa Oktoba ya mwaka huo akafika Beni Abbès, oasisi ya Algeria karibu na mpaka wa Moroko. Huko mlango wake haukufungwa. Maskini walikuja, wasafiri walikuja, askari wa kituo walikuja kuzungumza naye jioni, na watumwa walikuja kupata chakula. Utumwa ulikuwa ukiendelea chini ya bendera ya Ufaransa, na wakuu wa serikali hiyo walifumba macho. Yeye alipiga kelele kwa barua, na alipoweza alikomboa mtumwa kwa fedha zilizotoka kwa jamaa zake. Mmoja wa waliokombolewa, Paul Embarek, atatokea tena mwishoni mwa habari hii.

Mwezi wa Agosti 1905 alikwenda mbali zaidi, katika milima ya Hoggar, kilomita nyingi kutoka kituo chochote cha askari. Kijiji kiliitwa Tamanrasset, nacho kilikuwa na vibanda kama ishirini. Wakazi wa nchi hiyo ni Watuareg, Waislamu wafugaji ambao wanaume wao hujifunika uso. Chifu wao mkuu, Moussa ag Amastan, alimruhusu akae. Alijenga nyumba nyembamba ya mawe na udongo, akaanza kujifunza lugha yao neno kwa neno. Aligawa dawa, sindano za kushonea, nguo na nafaka. Alitumaini kwamba wenzake watamfuata na kuunda shirika. Alikuja mmoja tu, akaugua njiani, akarudi.

JANUARI 1908

Mwaka 1907 mvua haikunyesha Hoggar, wala mwaka uliotangulia haikuwa ya kutosha. Malisho yalikauka. Wenye mifugo walihamia mbali kutafuta majani, na waliobaki kijijini walikuwa wale wasio na pa kwenda: wazee, wanawake na watoto. Padri alikuwa na akiba ya nafaka. Akaanza kuwakusanya watoto na kuwapikia. Kwa muda wa miezi ile akiba ikaisha, naye mwenyewe akawa anakula kidogo sana na pasipo kitu kibichi.

Na nguzo nyingine ilikuwa imemdondokea. Kwa sheria za kanisa za wakati ule, padri hakuweza kusoma misa pasipo mtu wa kuitikia. Tamanrasset hapakuwa na Mkristo mwingine. Krismasi ya mwaka 1907 ilipita bila misa, jambo ambalo halikuwahi kumpata tangu kupewa upadri. Fedha zilikuwa zimekwenda, cheo kilikuwa kimekwenda, ukoo ulikuwa mbali, wafuasi hawakuja, akiba ilikuwa imekwisha, na sasa hata ibada aliyoiona kuwa ndiyo kazi yake alikuwa hawezi kuifanya.

Tarehe 20 Januari 1908 alianguka kitandani. Kila alipojaribu kusimama pumzi ilimkatika. Alidhani moyo unakufa. Kwa dalili zilizosimuliwa, inaelekea ulikuwa ugonjwa wa kiseyeye, unaowapata watu wakosao mboga na matunda kwa muda mrefu. Aliweka kando kazi ya kamusi, akalala, akangoja mwisho.

Waliomwona ni majirani zake. Hawakuwa na dawa. Hawakuwa na nafaka, kwa kuwa ile ya mwisho waliila nyumbani kwake. Walichokuwa nacho ni mbuzi wachache waliokonda. Basi walizunguka huku na huku wakitafuta mbuzi yeyote mwenye tone la maziwa. Charles mwenyewe aliandika kwamba mbuzi wote wenye maziwa kidogo walitafutwa kwa ajili yake umbali wa kilomita nne kila upande, katikati ya ukame ule wa kutisha.

Mama aliyefuga mbuzi wakati wa kiangazi kikali hahitaji kuelezwa jambo hili lilikuwa na uzito gani. Mbuzi wa namna ile hutoa kikombe kimoja kwa shida, na hicho kikombe kina mwenyewe tayari. Ni cha mwanambuzi, ambaye asipokipata atakufa na mifugo ya mwakani itapungua; ama ni cha mtoto aliyeachishwa nyonyo juzi. Kila tone lililoingia katika bakuli la mgeni mgonjwa lilitolewa katika kinywa kingine. Waliotoa hawakuwa watu wa dini yake. Hawakumdai chochote wala hawakutarajia kwamba atapona awalipe. Walifanya kama walivyofundishwa juu ya mgeni aliye mlangoni.

Akanywa. Siku zikapita, pumzi ikarudi polepole. Mwisho wa mwezi ule barua ikamfikia kwamba Roma imemruhusu kusoma misa peke yake. Rafiki yake wa tangu jeshini, Laperrine, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya jangwa, alipopata habari alimpelekea shehena ya vyakula. Lakini shehena hiyo ilifika baada ya maziwa.

Wengi walioandika maisha yake wanaona kwamba hapo ndipo alipogeuka, na ni vigumu kuwapinga. Tangu alipoingia utawani alikuwa ametoa. Alitoa urithi, alitoa usingizi, alitoa nafaka, na mwenye kutoa, hata awe mnyenyekevu namna gani, husimama juu kidogo ya mwenye kupokea. Mkono wake bado ulikuwa umeshika kitu kimoja, nacho ni kile cheo cha mtoaji. Mungu aliyemtegemea alikuwa Mungu aliyemtumia yeye kuwalisha wengine. Hakuwa amewaza kwamba Mungu huyo huyo angewatumia watoto wenye njaa, pamoja na mama zao, kumlisha yeye.

Ugumu wa kupokea unajulikana sana katika nyumba za watu wenye sare. Ofisa aliyestaafu, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akitoa amri na kuwasaidia jamaa wote wa kijijini, huona afadhali alale na njaa kuliko mkwewe amletee kikapu cha viazi. Mjane wa sajini huficha kwamba ada ya shule imemshinda, ili majirani wasichangishane. Huitwa heshima, na kwa sehemu ni heshima kweli. Lakini mtu wa namna hiyo, anaposema kwamba anamtegemea Mungu, huwa ameacha mlango mmoja tu wazi kwa ajili ya Mungu kuingilia, nao ni mlango wa mfuko wake mwenyewe.

Baada ya ugonjwa ule barua zake zilibadilika sauti. Aliandika kwa wingi zaidi juu ya urafiki, juu ya kuketi na watu na kuzungumza nao, juu ya kuwajua. Wanawake wa kambi za Watuareg walimsimulia mashairi na mithali, naye aliwalipa kidogo kwa kila shairi na kuliandika. Kazi hiyo iliendelea hadi siku zake za mwisho. Kamusi yake ya Kituareg na Kifaransa, yenye mabuku manne, ilichapishwa mwaka 1951 na 1952, na mpaka leo wataalamu wa lugha hiyo huirejea.

BUNDUKI KATIKA NYUMBA YA SALA

Laiti habari ingeishia kwenye maziwa, ingekuwa nzuri kwa watoto. Haikuishia hapo, na wasomaji wanaoshika silaha kwa kazi yao ndio wenye haki ya kusikia sehemu iliyobaki.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, moto ulifika hata jangwani. Wapiganaji wa Senusi kutoka upande wa Libya walipambana na Wafaransa, na vikundi vya wavamizi vilipita Hoggar. Charles alijenga ngome ndogo ya matofali ya udongo, yenye kuta nene, minara minne pembeni, kisima ndani, na mlango mmoja mfupi. Alihamia humo mwezi wa Juni 1916. Nia yake ilikuwa kwamba wanakijiji wapate pa kukimbilia wakivamiwa. Ndani ya ngome mliwekwa chakula, na pia bunduki na risasi.

Kumsema vibaya si vigumu, na kumtetea pia si vigumu. Aliwaogopea watu wake, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini ni kweli vile vile kwamba aliwaandikia maofisa wa Kifaransa habari za mienendo ya maadui, na kwamba alitamani Ufaransa iendelee kutawala nchi ile, ingawa alitaka itawale kwa haki. Alikuwa ameacha fedha, cheo na hata fahari ya kutoa. Taifa lake hakuliacha. Labda hakuona kwamba nalo ni mali. Waalgeria wengi leo hawawezi kulisahau jambo hilo, wala hawana sababu ya kulisahau.

Tena liko kosa ambalo hata koplo angelitambua. Ghala la silaha lenye mlinzi ni kituo. Ghala la silaha lisilo na mlinzi ni mwaliko. Katika ngome ile hapakuwa na kikosi. Alikuwamo mtu mmoja wa miaka 58, aliyezoea kufungua kila anapobishiwa hodi.

Jioni ya tarehe 1 Desemba 1916 hodi ikabishwa. Aliyebisha alikuwa mtu wa kijijini anayemfahamu, ambaye aliwahi kupata msaada wake. Alisema barua zimefika. Padri alifungua na kunyosha mkono kupokea, akavutwa nje. Wavamizi wakamfunga, wakampigisha magoti karibu na ukuta, na kumweka chini ya ulinzi wa kijana wa miaka kama kumi na mitano mwenye bunduki. Wengine wakaingia kuchukua mali. Paul Embarek, yule aliyekombolewa utumwani, aliletwa akawekwa karibu, naye ndiye aliyeyasimulia mambo haya baadaye. Ghafla askari wawili wa ngamia wakatokea gizani, nao walikuwa Waarabu waliotumikia jeshi la Ufaransa. Watu wakapiga kelele, yule kijana akaingiwa na hofu, akafyatua. Charles de Foucauld akafa hapo hapo. Wale askari wawili nao waliuawa. Hawatajwi sana katika vitabu, lakini nao walikuwa na mama zao.

Wanakijiji walimzika katika handaki la ngome. Kapteni de La Roche alipofika baadaye mwezi ule, alikuta vitu vya marehemu vimetawanyika, kama wanavyovikuta askari wanaotumwa kuandika orodha ya mali ya mwenzao aliyekufa: vitabu vya sala, karatasi, rozari, mbao zilizochorwa njia ya msalaba. Chombo cha kuwekea ekaristi kilikuwa kimefukiwa nusu mchangani. Wavamizi walichukua bunduki. Karatasi za lugha ya Kituareg, kazi ya zaidi ya miaka kumi, hawakuziona kuwa na thamani, zikapona.

Moussa ag Amastan alimwandikia dada yake, kule Ufaransa, barua ya kumpa pole. Alimweleza kwamba aliposikia habari ya kifo alilia machozi mengi, na kwamba msiba huo si wa ukoo wake peke yao.

Katika uhai wake hakupata mfuasi hata mmoja wa kudumu. Shirika la Ndugu Wadogo wa Yesu lilianza mwaka 1933, miaka kumi na saba baada ya kifo chake, na la Dada Wadogo mwaka 1939. Wengi wao hukaa wawili wawili au watatu watatu katika nyumba za kupanga, wakifanya kazi za mikono pamoja na majirani zao.

Laperrine, akiwa jenerali, alifika Tamanrasset mwaka 1917 akamzika rafiki yake upya. Mwaka 1920 ndege aliyopanda ilianguka jangwani, naye akafa baada ya siku nyingi za kiu na maumivu, akaletwa kuzikwa kando ya padri. Wakakaa hivyo miaka tisa. Mwezi wa Aprili 1929 amri ikatoka, mwili wa Charles ukafukuliwa na kupelekwa kaskazini hadi El Goléa, na Laperrine akaachwa peke yake.